Viputo kwenye kifua cha kushoto: uchambuzi wa kisa cha ngiri ya kiwambo kwa mtoto mchanga

Usuli

Kisa hiki ni cha hospitali ya rufaa ya mkoa nchini Tanzania. Majina yote yameondolewa, na baadhi ya saa na vipimo vimesogezwa kidogo ili familia isitambulike. Walengwa ni wenzetu walio kwenye hospitali zenye mashine ya eksirei lakini zisizo na daktari bingwa wa mionzi, maana huko ndiko watoto hawa hufikia kwanza.

Mtoto ni wa kike, wa pili kwa mama yake. Alizaliwa kituo cha afya kwa njia ya kawaida, mimba ikiwa imetimia, akiwa na uzito wa kilo 2.9. Alilia papo hapo, na kadi ilionyesha Apgar (alama za hali ya mtoto anapozaliwa, jumla yake 10) 8 kisha 9. Mama alikuwa amehudhuria kliniki vizuri na kupigwa ultrasaundi moja mimba ikiwa na wiki 31 hivi. Ripoti yake ilikuwa na mistari mitatu: mtoto mmoja, ametanguliza kichwa, moyo unapiga, kondo la nyuma liko juu. Kifua cha mtoto hakikutajwa.

Kiwambo ni msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Hukamilika kufunga mnamo wiki ya nane ya mimba, na upande wa kushoto huchelewa kuliko wa kulia. Kisipofunga, matumbo hupanda kifuani na pafu hukosa nafasi ya kukua. Ngiri hii humpata takriban mtoto mmoja katika kila vizazi 3,000, na zaidi ya wanane kati ya kumi huwa nayo kushoto, tena kwa nyuma pembeni. Ukifanya kazi wodi ya watoto wachanga miaka michache utakutana nayo, ujue au usijue.

Saa za mwanzo

Saa nne za kwanza hazikuwa na tatizo. Mtoto alinyonya mara mbili, ingawa muuguzi wa kituo aliandika kwamba alikuwa "anahema haraka akinyonya". Kufikia saa ya tisa alihema mara 78 kwa dakika na mbavu zikawa zinavutika. Akapewa dozi ya kwanza ya antibayotiki, ampisilini na jentamisini, akaletwa hospitali ya mkoa.

Alipopokelewa, oksijeni kwenye damu ilikuwa asilimia 84 bila msaada. Hakuwa na homa. Daktari wa zamu aliandika maambukizi ya damu na nimonia, akamweka kwenye CPAP ya mapovu (kifaa kinachosukuma hewa yenye shinikizo puani mfululizo), akaomba eksirei ya kifua. Kwa jinsi wodi zetu zilivyo, uamuzi huo hauna ajabu: watoto wengi wanaohema hivyo siku ya kwanza huwa na maambukizi au maji ya mapafu yaliyochelewa kukauka, na CPAP huwafaa.

Picha ya kwanza ilikatwa vizuri kwa kipimo cha kitabu, kuanzia mabega hadi mbavu za chini. Nusu ya kushoto ilikuwa na weupe usio sawasawa. Ikasomwa kuwa ni nimonia ya pafu la kushoto, na hapo kila mtu akatulia.

Usiku mtoto hakutulia. Kila CPAP ilipopandishwa, oksijeni ilipanda kwa dakika chache, kisha ikateremka chini ya pale ilipokuwa. Ilipofika alfajiri alikuwa kwenye shinikizo la 7 na oksijeni ya asilimia 60, na kipimo cha oksijeni cha kidoleni kilisoma 86.

Picha ya pili na mabishano

Picha ya pili ilipigwa asubuhi. Ule weupe sasa ulikuwa umejaa viputo vyeusi vya duara, vikubwa kwa vidogo, na moyo ulikuwa umesukumwa kulia. Kikao cha asubuhi kikagawanyika mara tatu.

Kundi la kwanza liliona nyumothoraksi, hewa iliyovuja nje ya pafu na kulisukuma. Mtoto yuko kwenye CPAP, kazorota ghafla, moyo umehama, upande mmoja ni mweusi: maelezo yanakaa sawa kabisa. Trei ya mrija wa kifua ikafunguliwa. Kundi la pili liliona vifuko vya hewa vya nimonia ya bakteria wa stafilokoka, likataka antibayotiki zibadilishwe. Wa tatu alikuwa daktari kijana aliyetoka mafunzoni karibuni. Yeye alitaja pafu lenye vivimbe vya kuzaliwa nalo, ugonjwa ambao kwenye mafaili huandikwa CPAM.

Ngiri ya kiwambo haikutajwa na mtu. Aliyeifikia, bila kuiita jina, alikuwa muuguzi mkuu wa zamu, mama mtu mzima ambaye wodi nzima humwita Sista Mkubwa. Alimgeukia daktari aliyeshika glavu.

"Dokta, samahani. Kabla hujamchoma, hebu mtazame tumbo. Mtoto aliyekaa kwenye CPAP usiku kucha tumbo lake huwa ngoma. Huyu lake limeingia ndani."

Hoja hiyo ina uzito wake. CPAP hupuliza hewa tumboni kama inavyopuliza mapafuni, na wauguzi hutumia sehemu ya zamu yao kuitoa kwa mrija. Mtoto ambaye tumbo lake linabaki limebonyea baada ya saa 12 za CPAP anakuambia kwamba hewa inaingia kwenye matumbo lakini matumbo hayako tumboni.

Daktari akaweka stetoskopu. Moyo ulisikika kulia kwa mfupa wa kifua. Kushoto hewa haikusikika, ila chini kwapani kulikuwa na mingurumo. (Mingurumo hiyo usiitegemee sana. Kwa mtoto mwembamba sauti za tumbo husafiri hadi kifuani hata kama kiwambo ni kizima.)

Uamuzi wa kutochoma kifua

Trei ikafunikwa. Hoja ilikuwa rahisi kuisema ingawa si rahisi kuitii mtoto anapobadilika rangi mbele yako: hewa iliyovuja haiundi viputo vyenye kuta. Nyumothoraksi ni weusi mtupu, hauna mistari ndani yake, na pafu lililosinyaa huonekana likiwa limejikunyata kuelekea katikati. Hapa kila kiputo kilikuwa na ukuta. Ukisukuma mrija wa kifua mahali hapo unaweza kutoboa utumbo, na mtoto aliyekuwa na tatizo moja anapata matatu.

Wakachukua hatua tatu kwa pamoja: mrija wa puani kwenda tumboni, namba 8, uwekwe na uachwe wazi, picha irudiwe, safari hii kifua na tumbo kwenye filamu moja, na mashine ya ultrasaundi iletwe kutoka wodi ya wazazi.

Picha ya tatu iliwachanganya kwanza. Wengi tumefundishwa kwamba kwenye ngiri ya kushoto ncha ya mrija itaonekana imejikunja kifuani. Hapa ncha ilikuwa mahali pake, chini, kushoto kwa uti wa mgongo. Daktari kijana akaona CPAM yake imeshinda: kama tumbo la chakula liko mahali pake, basi viputo ni vya pafu. Lakini tumbo la chakula kukaa mahali pake hakuzuii utumbo mwembamba kupanda, na karibu kila kitu kingine kwenye filamu hiyo kilipinga CPAM. Chini ya mbavu hapakuwa na hewa isipokuwa kiputo kimoja cha tumbo la chakula lenyewe na vipande viwili upande wa kulia. Mstari wa kiwambo cha kulia ulionekana wazi. Wa kushoto ulianzia karibu na uti wa mgongo kisha ukapotea. Na viputo vya kifuani viliteremka moja kwa moja hadi eneo la tumbo bila mpaka.

Kwa mwenye CPAM mambo huwa kinyume. Viputo hubaki ndani ya pafu, kiwambo huonekana ingawa kinaweza kuwa kimesukumwa chini, na tumbo huwa na hewa yake ya kawaida iliyotapakaa kila pembe.

Ultrasaundi ya wodi ya wazazi

Mashine ilikuwa ya zamani, yenye kichwa kilichopinda cha kupimia mimba, kikubwa kuliko kifua cha mtoto. Ilitosha. Daktari aliweka kichwa chini ya mbavu za kulia kwanza, na hatua hiyo inafaa kuigwa: ukianza upande mzima unapata kipimo cha kulinganishia. Ini lilikuwa mahali pake, na juu yake mstari mweupe wa kiwambo ulipanda na kushuka kwa kila pumzi.

Alipohamia kushoto, akitazama kupitia wengu, mstari ulianza mbele ukakatika kabla ya kufika nyuma. Wengu wenyewe ulikuwa umepanda nusu. Juu yake, nyuma ya moyo, kulikuwa na kitanzi chenye maji na chembe zinazometa. Kwa muda hakikufanya kitu. Kisha kikajikaza, chembe zikakimbia upande mmoja zikarudi. Pafu halisukumi maji namna hiyo. Daktari kijana ndiye aliyesema kwa sauti kwamba ni utumbo.

Lilikuja pendekezo la kumnywesha dawa ya kuonyesha utumbo kwenye eksirei. Likakataliwa, kwa sababu jibu lilikuwa limeshapatikana, na kilichokuwepo stoo kilikuwa bariamu tu, ambayo mtoto anayehema hivyo anaweza kuivuta mapafuni. Ukilazimika kufanya kipimo hicho, tumia dawa inayoyeyuka kwenye maji, kidogo, kupitia mrija.

Kumtuliza bila ventileta

Hapa ndipo penye ubishi wa kweli, na sidhani kama umekwisha. Miongozo ya wenye vifaa inasema mtoto mwenye ngiri ya kiwambo anayepumua kwa shida awekewe mrija wa hewa kooni mapema, apumuliwe na mashine kwa shinikizo dogo lisilozidi 25, na asipulizwe kwa ambubagi (mfuko wa kupulizia kwa mkono) na barakoa, kwa kuwa kila pulizo hujaza matumbo yaliyo kifuani. Wodi haikuwa na ventileta. Kumwekea mrija kooni kungekuwa na maana ya mtu kumpuliza kwa mkono kwa saa tano za barabara hadi hospitali ya kanda, na mkono wa mtu aliyechoka haupimi shinikizo. Hatari kubwa ya shinikizo ni kupasuka kwa pafu la kulia, ambalo ndilo pekee linalofanya kazi.

Wakaamua kuondoa CPAP na kuweka oksijeni ya puani, mrija wa tumboni ukifyonzwa kwa bomba la sindano kila dakika 15, kichwa kikiwa juu, mtoto kalalia ubavu wa kushoto ili pafu zima libaki huru. Hakunyonya tena, akapewa maji ya dripu yenye sukari na kufunikwa apate joto. Ndani ya saa mbili oksijeni ya mkono wa kulia ilisoma 92 na ya mguu 87.

Tofauti hiyo ya mkono na mguu ilipimwa kwa makusudi. Mkono wa kulia hupata damu kabla ya mfereji unaounganisha mshipa wa mapafu na aota (mshipa mkuu unaotoka moyoni), mguu baada yake. Kipimo cha mguu kikiwa chini ya cha mkono, damu isiyo na oksijeni inavuka kwa sababu shinikizo ndani ya mishipa ya mapafu ni kubwa. Tofauti ya 5 ilimaanisha shinikizo lipo, ila halijatawala.

Uamuzi huu ulifaulu kwa mtoto huyu kwa sababu alikuwa ameonyesha tayari kwamba ana pafu la kutosha: alilia, alinyonya, alikaa saa nne bila msaada. Aliyezaliwa wa bluu na kushindwa kupumua tangu dakika ya kwanza hawezi kutunzwa hivi.

Rufaa

Picha zilitumwa kwa WhatsApp kwa daktari wa upasuaji wa watoto wa hospitali ya kanda. Akapiga simu akiuliza kwa nini ngiri iko kulia na moyo uko kushoto kabisa. Kilichotokea: filamu haikuwa na alama ya L (ya madini ya risasi, inayoonyesha upande wa kushoto), na aliyeipiga picha dirishani aliishika kinyumenyume. Kwa ugonjwa ambao nusu ya utambuzi ni upande, kosa hilo lingeweza kufika hadi meza ya upasuaji. Mambo yalinyooka alipouliza moyo unasikika wapi.

Familia ilielezwa kwa mchoro nyuma ya karatasi ya maabara. Bibi wa mtoto alitaka kujua kama mkwewe alibeba mzigo mzito. Aliambiwa la, bibi, jambo hili lilitokea mimba haijamaliza miezi miwili, kabla hata mama hajajua vizuri kwamba ni mjamzito, na hakuna alichofanya. Baba alitia saini. Gari la wagonjwa lilichelewa saa tatu kwa suala la mafuta. Sista Mkubwa alimtuma muuguzi mwenye uzoefu aende na mtoto, akiwa na kazi moja tu: kufyonza mrija.

Matokeo

Hospitali ya kanda haikumpasua usiku ule, na baba alilalamika. Zamani ngiri hii ilikimbizwa meza ya upasuaji saa hiyohiyo. Tangu miaka ya 1980 mtazamo umegeuka, kwa kuwa kinachoua ni pafu dogo na shinikizo la mishipa yake, na tundu lenyewe linaweza kusubiri. Kipimo cha moyo kilithibitisha shinikizo la wastani na kuonyesha moyo wenye maumbile mazuri. Alipewa oksijeni na sildenafili, dawa ya kushusha shinikizo hilo, akasubiri.

Siku ya sita alipewa nusu kaputi na kupasuliwa chini ya mbavu za kushoto. Tundu lilikuwa la sentimita nne kwa tatu, nyuma pembeni. Utumbo mwembamba karibu wote, sehemu ya utumbo mpana na nusu ya wengu vilikuwa kifuani. Tumbo la chakula lilikuwa limebaki chini, kama mrija ulivyosema. Vilirudishwa, tundu likashonwa kwa uzi usioyeyuka bila kuhitaji kiraka.

Picha ya baada ya upasuaji ilileta hofu mpya. Kushoto kulikuwa na weusi mtupu, na pafu dogo limejibana katikati, sura ileile ya nyumothoraksi. Daktari wa zamu, kwa nia njema, akaulizia mrija wa kifua. Bingwa alikataa. Nafasi iliyoachwa na matumbo lazima iwe na kitu. Hewa hiyo hunyonywa, maji huchukua nafasi yake, na pafu hupanuka polepole kwa siku na wiki. Ukiivuta kwa nguvu unalazimisha pafu changa litanuke kwa mkupuo na moyo uyumbe. Mrija huwekwa pale tu mtoto anapozorota na moyo unaposukumwa upande wa pili.

Aliruhusiwa akiwa na wiki tatu na siku kadhaa, ananyonya. Kwenye kliniki ya miezi mitatu alikuwa anaongezeka uzito, ila anacheua sana, jambo la kawaida kwa watoto hawa.

Uchambuzi

Kilichookoa siku si kipimo cha ghali. CT haikuwepo na haikuhitajika. Picha mbili za kwanza zilishindwa kutoa jibu kwa kuwa hazikuonyesha tumbo. Kwa mtu mzima ni sawa kabisa kukata eksirei ya kifua pale mbavu zinapoishia. Kwa mtoto mchanga mwenye kifua kisichoeleweka, ni kujinyima ushahidi uliopo sentimita tano chini. Radiografa hakukosea, maana fomu iliandikwa "kifua". Mabadiliko yanapaswa kuanzia kwenye fomu.

Picha ya kwanza ingeweza kumpoteza hata bingwa. Mapema, kabla hewa haijafika kwenye matumbo, ngiri huonekana kama weupe tu na hufanana na nimonia au maji ya kifuani. Viputo huja baadaye. Kwa hiyo eksirei ya saa chache za kwanza ikisema nimonia na mtoto asifuate njia ya nimonia, rudia picha, usiongeze dawa.

CPAP haikumsababishia ugonjwa ila ilimharakishia. Dalili ilikuwepo kwenye chati usiku kucha: kila shinikizo lilipopanda, nafuu ilikuwa ya dakika chache halafu hali mbaya zaidi. Mtoto anayefanya hivyo anahitaji kukaguliwa upya na mtu, na zamu ya usiku yenye muuguzi mmoja kwa watoto 20 haina mtu huyo. Sioni haki kumlaumu muuguzi huyo.

Magonjwa mengine ya jamii hii yana mitego yake. Sehemu ya juu ya pafu la kushoto iliyojaa hewa kupita kiasi hufanana na nyumothoraksi, lakini ukitazama kwa makini utaona mishipa myembamba ya damu ndani ya weusi. Nayo ikichomwa mrija ni balaa. Kipande cha pafu kilichojitenga na njia za hewa hulishwa na mshipa unaotoka aota, na ultrasaundi yenye rangi inaweza kuuonyesha. Kiwambo kilicholegea bila tundu hupanda juu, ila mstari wake haukatiki. Mwombe mwenye ultrasaundi autazame wakati mtoto anavuta pumzi, kwani unaweza kwenda kinyume na mwenzake.

Kuhusu ultrasaundi ya mimba, tusijidanganye kwamba ingegundua kwa urahisi. Ishara inayofundishwa ni tumbo la chakula kuonekana kando ya moyo, na huyu tumbo lake lilikuwa chini. Ila moyo ulikuwa umehama, na aliyeutazama kuhesabu mapigo angeweza kuona uko upande gani. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linapendekeza mama apimwe mara moja kabla ya wiki 24, na wakati huo kifua cha mtoto husomeka vizuri. Kujua mapema kungebadilisha mahali pa kuzalia, na mahali ni jambo kubwa: utafiti uliochapishwa 2021 katika jarida la Lancet, ukihusisha hospitali 264 za nchi 74 na kasoro saba za kuzaliwa, ngiri hii ikiwemo, ulikuta vifo vya asilimia 39.8 katika nchi za kipato cha chini na 5.6 katika nchi tajiri.

Hospitali ya mkoa sasa ina muhuri wa mpira kwenye meza ya eksirei: "CHINI YA SIKU 28: KIFUA + TUMBO, ALAMA YA UPANDE". Swali la CPAP limebaki bila mwongozo ulioandikwa. Daktari kijana anataka kila mtoto anayeanza CPAP apigwe picha kwanza. Sista Mkubwa anasema mashine ya eksirei huharibika mara kwa mara na watoto watakufa wakiisubiri, bora kila zamu iandike hali ya tumbo na upande wa moyo. Kwa mazingira yale, mimi niko upande wa Sista.